Nimeacha nyama miaka minne, sasa nyayo zinaingia ganzi na mume wangu anasema alijua

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 33, nimeolewa, mtoto bado ila tumeshaanza kumtafuta. Miaka minne iliyopita baba yangu alipata shambulio la moyo. Alipona, lakini zile siku za kukaa naye wodini ziliniingia. Nilipotoka pale sikugusa nyama tena. Mwaka uliofuata nikaacha samaki, mayai na maziwa, nikawa vegani kamili. Mwanzoni mwili ulinifurahisha kweli. Uzito ulipungua kilo 7, kolestro ikashuka, hata presha iliyokuwa imeanza kunichungulia ikatulia. Nikasema hapa nimepatia.

Sasa kuna miezi mitano hivi mambo yamegeuka. Saa nne ya asubuhi haijafika nimeshachoka. Nasahau majina ya watu ninaofanya nao kazi kila siku. Na nyayo, Shangazi! Nikishuka kitandani nahisi nakanyaga sakafu na soksi nene, nikiangalia chini miguu mitupu. Vidole vinachomachoma kama mguu uliokaliwa. Nimekwenda kupima, wakapima wingi wa damu, ikaja 12.6. Nikaambiwa damu iko sawa, nipumzike.

Nyumbani ndiko kwenye vita. Mume wangu hula nyama kila siku. Asubuhi soseji mbili tatu, jioni nyama tena. Nilimwonyesha habari kwamba wasiokula nyama hupata ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 22. Kesho yake akanijia na ya kwake: wasiokula nyama hupata kiharusi zaidi kwa asilimia 20. Tangu siku hiyo kila mlo ni mdahalo. Mama mkwe ameshasema mjukuu wake halelewi kwa majani kama mbuzi. Nikageukia kundi letu la wavegani kuuliza habari ya ganzi, wakanijibu ni sumu za zamani zinatoka mwilini, nivumilie, na kwamba vidonge ni vya wasioiamini mimea.

Kidonge ninachomeza ni kimoja tu, foliki asidi ya miligramu 5, miezi sita sasa, kujiandaa na mimba. Nilisoma kwamba ukitaka ushauri wa chakula uandike unachokula, basi hizi ni siku zangu tatu, usinicheke. Jumatatu: mkate na jemu, chai ya rangi, mchana wali na kabichi, chai, usiku viazi vya kukaanga, chai. Jumanne: biskuti na chai, mchana tambi na mchuzi wa nyanya, jioni chai na mkate, usiku wali na mchicha. Jumatano: sikula asubuhi, chai tu, mchana viazi vya kukaanga na soda, usiku maharagwe kidogo na wali, chai.

Nani ana haki kati yangu na mume wangu? Nirudie nyama? Na mtoto nitamleaje?

Mwenye Soksi Zisizoonekana

---

Marahaba, binti yangu.

Nimekaa kwenye kliniki ya lishe miaka ishirini na zaidi kabla sijaanza kujibu barua, na barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma ugomvi wa nyama na mboga. Mara ya pili nikasimama kwenye sentensi moja uliyoipitia harakaharaka: foliki asidi ya miligramu 5, miezi sita sasa. Tuanzie hapo, mume wako atusubiri kidogo.

Dalili ulizotaja, yaani uchovu, kusahau, ganzi na kuchomachoma nyayoni, kwa mtu aliyekaa miaka mitatu bila chochote kitokacho kwa mnyama na bila kidonge, zinanifanya nifikirie upungufu wa vitamini B12 kabla ya kitu kingine chochote. Vitamini hii haitengenezwi na mmea wala na mnyama. Hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe huipata kwa bakteria walio tumboni mwake, sisi huipata kwenye nyama yake, maziwa yake, au mayai ya kuku. Mchicha haunayo, maharagwe hayanayo, na ule unga wa kijani wa spirulina wanaouziana wavegani una kitu kinachofanana nayo ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Mahitaji ni madogo mno, maikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, na ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka. Ndiyo maana ulijisikia vizuri mwanzoni. Ulikuwa unakula akiba.

Sasa sikiliza vizuri habari ya kile kidonge. B12 ikipungua, kwa kawaida damu ndiyo hupiga kelele kwanza: anemia, yaani upungufu wa damu, inaingia, chembe nyekundu zinakuwa kubwa kuliko kawaida, na anayepima anashtuka. Foliki asidi kwa wingi huirekebisha damu hiyo. Chembe zinarudi sawa, namba inapendeza, 12.6. Lakini foliki asidi haiwezi kufanya kazi ya B12 kwenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo huko uharibifu unaendelea kimyakimya huku damu ikisema hakuna tatizo. Kiwango kinachoshauriwa kwa mwanamke wa kawaida anayejiandaa kupata mimba ni maikrogramu 400. Wewe unameza miligramu 5, mara 12 na nusu ya hapo. Dozi hiyo ipo na ina watu wake, kwa mfano mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo, ila ni ya kuandikiwa na daktari.

Simsemi vibaya aliyekupima. Alipima alichoombwa kupima. Wingi wa damu haumwambii mtu kiasi cha B12.

Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, rudi hospitali ukaseme maneno haya kama yalivyo: "Mimi ni vegani miaka mitatu, sijawahi kumeza B12, nameza foliki asidi miligramu 5, na nina ganzi ya miguu." Omba wapime B12, na feritini ambayo ni akiba ya madini ya chuma, na kwa kuwa ganzi na uchovu vina njia nyingi, sukari na tezi ya shingo pia. Usianze kujitibu na vidonge vya B12 kabla damu haijatolewa, maana vitaficha jibu. Ikithibitika, daktari anaweza kuanza na sindano, na hapo ukubali. Mishipa ya fahamu hupona taratibu, na ikichelewa sana sehemu nyingine hairudi. Foliki asidi usiiache wala usiipunguze kwa neno langu. Hilo liamuliwe hukohuko, siku hiyohiyo.

Kabla watu hawajajua B12 ni nini, upungufu wake mkali ulikuwa unaua. Mwaka 1926 madaktari George Minot na William Murphy wa Boston walionyesha kwamba wagonjwa wa anemia hatari, ile iletwayo na upungufu huo, walipona kwa kulishwa maini kila siku, sahani kwa sahani, hata wagonjwa wakayachukia. Walitunukiwa Nobeli mwaka 1934, pamoja na mwenzao George Whipple. Vitamini yenyewe ilikuja kupatikana peke yake mwaka 1948. Leo inatengenezwa kwa kufuga bakteria, hakuna mnyama anayeguswa. Kwa hiyo wenzako wanaosema kidonge ni usaliti wa mimea, waambie chama chao wenyewe, The Vegan Society cha Uingereza, kilichoanzishwa 1944, kinawahimiza wanachama wapate B12 kutoka vyakula vilivyoongezewa au kidonge; kwa kidonge, angalau maikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Usishangae tofauti ya namba. Mwili huchukua kidogokidogo kila unapopewa, ukiupa nyingi kwa mkupuo nyingi hupita. Hicho ni kiwango cha mtu mzima kiafya, si tiba ya ganzi. Na habari za "sumu za zamani zinatoka" sina la kuzisemea zaidi ya kwamba zimeshachelewesha watu wengi.

Haya, mwite mume wako sasa.

Asilimia 22 yako na asilimia 20 yake zimetoka mahali pamoja. Ni utafiti mmoja! Ulifanyika Uingereza, ukafuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa miaka kama 18, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Wewe ulikata nusu ya karatasi, yeye akakata nusu ya pili, mkakaa mezani kurushiana. Ukiiunganisha karatasi inasomeka hivi: katika kila watu 1,000 kwa miaka 10, wala mboga walikuwa na wagonjwa wa moyo 10 pungufu kuliko wala nyama, na wenye kiharusi 3 zaidi. Kwa hesabu hiyo moyo wako umefaidika, na baba yako angekuunga mkono. Ila ile 3 haifutiki. Sababu yake haijulikani wazi. Watafiti wenyewe walitaja huenda ni kolestro kushuka mno, au upungufu wa baadhi ya virutubisho, wakaitaja na B12.

Kundi hilohilo mwaka uliofuata likatoa habari ya mifupa, na hii sidhani mliikuta. Wavegani walivunjika mifupa zaidi kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wala nyama, na nyonga zaidi ya mara mbili. Sehemu ya tofauti ilitokana na wembamba, kalsiamu kidogo na protini kidogo, lakini hata hayo yalipohesabiwa tofauti haikuisha. Wewe umepungua kilo 7, na kwenye siku zako tatu kalsiamu nimeitafuta kwa tochi. Mchicha usikudanganye; kalsiamu imo lakini imefungwa na oksaleti, sehemu kubwa inapita tu. Kabichi na jamaa zake wenye majani ya kijani kilichokoza hutoa kalsiamu kwa urahisi zaidi, lakini sahani moja ya kabichi nyeupe haitoshi. Tafuta maziwa ya soya yaliyoongezewa kalsiamu, na uyatikise kabla ya kumimina, kwa sababu kalsiamu hutuama chini ya boksi.

Mume naye asicheke bado. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, ambamo zimo soseji zake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watu walipiga kelele kwamba kundi hilo lina tumbaku pia. Kundi linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa madhara. Soseji si sigara. Ukubwa wenyewe ni huu: gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Tuseme katika watu 100 wapo 5 ambao wangeipata hata hivyo, basi wanakaribia 6. Si tishio la kumkosesha mtu usingizi, lakini gramu 50 ni soseji moja tu, na yeye anakula mbili tatu kila asubuhi. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa ngazi ya chini yake, kwamba inawezekana sana inasababisha. Serikali ya Uingereza huwaambia wanaokula zaidi ya gramu 90 kwa siku wapunguze hadi 70. Kwa mume wako mimi ningeanza na asubuhi tu. Aache soseji siku za kazi, ziyapishe mayai au maharagwe, jioni simgusi.

Utafiti ninaoupenda zaidi kwenye mabishano haya ni mdogo kuliko yote. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwachukua mapacha 22 wa kufanana, yaani jozi 22, kila jozi mmoja akala kivegani na mwenzake akala na nyama, wiki 8, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Wa kivegani kolestro mbaya ilishuka zaidi na uzito ukapungua kidogo. Lakini angalia walichopewa: wote wawili walipangiwa chakula kizuri, mboga nyingi, matunda, nafaka zisizokobolewa. Hakuna aliyeambiwa ale viazi vya kukaanga na soda.

Hapo ndipo nimekukamata, binti yangu, na sikucheki. Nimezihesabu siku zako tatu. Maharagwe mara moja, tena kidogo. Karanga hakuna, dengu hakuna, soya hakuna, tunda hakuna hata moja. Wewe hukuhamia kwenye mimea. Uliondoa nyama, mayai na maziwa, ukabaki na wanga uliokuwa pembeni ya sahani. Soda ni ya kivegani. Biskuti zako zinaweza kuwa za kivegani. Watafiti wa Harvard waliwahi kuwatenganisha wala mimea wa namna hizi mbili: wenye nafaka nzima, kunde na matunda hatari ya moyo ilipungua, wenye vinywaji vya sukari, viazi na nafaka zilizokobolewa ikaongezeka. Mume wako akisema chakula chako kinakudhoofisha, kwa chakula hiki yuko sahihi. Akisema ni kwa sababu hakina nyama, hapo amekosea.

Hukutaja uzito wako, kwa hiyo nakupa kipimo: gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 55 anahitaji gramu 44. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina kama 18, cha maharagwe kama 15. Vikombe viwili kwa siku, karanga mkononi, na wali wako wenyewe una kidogo, umefika. Loweka kunde usiku kucha umwage maji, hupunguza fitati zinazobana madini.

Na chai. Nimehesabu vikombe saba kwa siku tatu, na karibu vyote vimekaa juu ya chakula. Madini ya chuma ya mimea ni magumu kufyonzwa kuliko yale ya nyama, na chai ikinywewa pamoja na mlo hupunguza kiasi hicho tena kwa zaidi ya nusu. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8 tu, kwa hiyo usijipime na mume. Sikunyang'anyi chai, najua ndiyo starehe yako na mimi yangu ipo hapa pembeni ninavyoandika. Isogeze tu, saa moja kabla au saa moja baada ya chakula. Mahali pake mezani weka chungwa, au kamulia limau kwenye maharagwe. Vitamini C hufanya kinyume cha chai.

Kurudia nyama? Hilo ni lako. Kama uliacha kwa ajili ya moyo wa baba peke yake, mayai mawili matatu kwa wiki na maziwa yangekurahisishia maisha bila kuupoteza moyo, ingawa hata hivyo B12 uendelee kupima. Kama uliacha kwa sababu huwezi kula mnyama, baki ulipo, ila ule kwa mpango na kidonge kisikose hata siku moja. Vyama vya wataalamu wa lishe wenyewe havikukubaliana kuhusu wajawazito na watoto: cha Marekani mwaka 2016 kilisema chakula cha mimea kilichopangwa vizuri kinafaa umri wote, cha Ujerumani mwaka huohuo kikasema hakiwashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto kula kivegani. Mimi niko katikati, na kwenye jambo moja sina katikati. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 hana akiba ya miaka mitatu kama uliyokuwa nayo wewe. Ndani ya miezi anaweza kulegea, akaacha kutabasamu, akasahau kukaa alikokwishajua. Nimemwona mmoja kwa macho yangu, miezi tisa, kichwa kinamwangukia begani kwa mama yake, na mama alikuwa mtu mwangalifu kuliko wengi. Kwa hiyo nakuomba msimtafute mtoto mpaka majibu yatoke na matibabu yaanze. Ni miezi michache. Mama mkwe mwambie mjukuu anakuja, na majani atakula, pamoja na dengu.

Nenda na mume wako siku ya kupima. Naye apimwe kolestro, mkono wake usibaki mfukoni. Majibu yakitoka niandikie namba yenyewe ya B12 na kipimo chake kama kilivyo kwenye karatasi. Usiniandikie "iko sawa".

Shangazi